Spa ya miguu: faida zake, namna ya kujifanyia nyumbani, na vitu vya kuangalia kabla hujampa mtu mguu wako

Kuna watu wanaona kuloweka miguu ni mambo ya bibi harusi na wadada wenye hela, mimi sikubaliani nao kabisa. Anayehitaji spa ya miguu kuliko wote ni mama lishe anayesimama toka alfajiri, ni mlinzi aliyevaa buti usiku kucha, mwalimu, nesi, konda wa daladala, fundi anayeshinda kwenye simenti, hao ndo miguu yao inateseka kila siku na hakuna anayeiangalia mpaka iume. Na karibu kila kizuri kilichopo kwenye spa ya miguu unakipata kwa beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni, taulo na mafuta ya mgando, basi, mashine ya kutoa mapovu sio lazima. Hatari nazo zipo na ni za kweli, ila nyingi zinatoka sehemu tatu: maji ya moto kupita kiasi, beseni lisilosafishwa, na vitu vyenye makali. Kazi yangu ni kucha na miguu hapa Dar, ntaelezea kwa urefu kidogo maana hizi habari tunapeana nusunusu, mtu anaambiwa faida tu alafu madhara anakuja kukutana nayo mwenyewe.

Inasaidia nini hasa

Tuanze na magaga maana ndo yanayowaleta watu wengi. Ngozi ya unyayo haina vitezi vya mafuta kama ya usoni au mgongoni, ina vya jasho tu, sasa weka hapo kandambili za kila siku, vumbi, sakafu ya simenti na uzito wa mwili unaokandamiza kisigino kila ukikanyaga, ngozi inakauka, inakuwa ngumu, inapasuka. Gaga likienda ndani sana linafika kwenye nyama, linatoa damu na linakuwa mlango wa bakteria. Maji ya uvuguvugu ya dakika kumi yanalainisha ile ngozi iliyokufa, ukisugua taratibu inatoka, alafu mafuta unayopaka wakati ngozi bado ina unyevunyevu yanauzuia ule unyevu usipotee. Hiyo hatua ya mwisho ndo tiba yenyewe. Ukiloweka alafu usipake kitu, ngozi inakauka kuliko ulivyoikuta, na hapo ndo mtu anasema mbona nimesugua na magaga yamezidi.

Pili ni uchovu. Joto linatanua mishipa midogo ya damu, misuli inalegea, ukiongeza kukanda unyayo kwa dole gumba dakika chache yale maumivu ya kusimama siku nzima yanapungua. Sio dawa ya ugonjwa wa mifupa wala wa mishipa, ni ahueni tu, na ahueni ina thamani yake.

Tatu ni usingizi, na hili limepimwa. Mwaka 1999 watafiti wa Basel kule Uswisi walionyesha kwamba miguu yenye joto inasaidia mtu kupitiwa na usingizi haraka, kwasababu mishipa ya miguuni ikitanuka mwili unatoa joto la ndani, na joto la ndani likishuka ndo usingizi unakuja. Mwaka 2019 watafiti wa Texas walikusanya tafiti nyingi za namna hiyo, za kuoga maji ya moto na za kuloweka miguu, wakaona hata dakika kumi zinatosha ilimradi ufanye saa moja au mawili kabla ya kulala. Kwahiyo usisubiri mpaka umeshapanda kitandani, fanya wakati chakula cha usiku kinamalizikia jikoni.

Nne, hili wengi hawalihesabu ila kwangu ndo kubwa: ukikaa na mguu wako mkononi unauona. Watu wazima wengi wanaishi miezi bila kuangalia katikati ya vidole wala chini ya unyayo. Hapo ndo unakuta fangasi zimeanza, ngozi imekuwa nyeupe na inachubuka kati ya kidole cha nne na cha mwisho, unakuta kucha moja imegeuka njano na nene, unakuta kijiwe kimejibana kwenye gaga, au doa jeusi ambalo halikuwepo. Doa jeusi chini ya unyayo au chini ya ukucha ambalo linakua, na hukumbuki kujigonga, nenda likaangaliwe na daktari wa ngozi, usilipake rangi ya kucha kulificha. Saratani ya ngozi kwa sisi watu weusi ikitokea, sehemu inazopenda kujitokeza ni hizo hizo, unyayo na kucha.

Isichoweza kufanya

Spa ya miguu haitoi sumu mwilini. Kazi hiyo inafanywa na ini na figo. Kuna zile mashine za umeme unaambiwa weka mguu kwenye maji ya chumvi, baada ya nusu saa maji yanageuka kahawia kama chai ya rangi, alafu unaonyeshwa, ona uchafu uliokuwa nao. Ile rangi ni kutu. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi unakula vile vyuma vilivyomo ndani ya mashine, na maji yangegeuka hivohivo hata kama hamna mguu ndani. Ukitaka kuhakikisha mwambie mwenye mashine aiwashe bila mguu wako. Walioipima kitaalamu na kutoa majibu mwaka 2012 hawakukuta dalili kwamba inatoa sumu yoyote. Hela hiyo nunua krimu nzuri ya miguu ibaki chenji.

Chumvi ya Epsom nayo inasifiwa sana, ni magnesiamu salfeti, ilipata jina kwenye mji wa Epsom kule Uingereza. Ukiweka haina ubaya kwa mguu mzima, watu wanaipenda, ila usiambiwe kwamba magnesiamu inapenya unyayoni inaenda kutibu mwili mzima, ushahidi wake ni mdogo sana. Chumvi ya mawe ya kawaida inatosha kabisa.

Hawa wasiloweke, au waulize kwanza

Hapa naomba usome taratibu, na kama una mzazi mwenye sukari msomee.

Mtu mwenye kisukari asiloweke miguu. Najua inashangaza maana huyo ndo mtu ambaye tungependa kumhudumia, ila sikiliza sababu. Sukari ikikaa juu miaka inaharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, mguu unaingia ganzi, mtu anaweza kuweka mguu kwenye maji ya kuunguza na asisikie kitu, anatoa mguu ngozi imeshavimba malengelenge. Pili kuloweka muda mrefu kunakausha ngozi na kulegeza ile ya katikati ya vidole, ufa unatokea, bakteria wanaingia, na kwasababu damu haifiki vizuri kidonda hakifungi. Vidonda vya namna hiyo ndo vinaishia kukatwa mguu. Hapa Tanzania kwenye miaka ya 2000 kulikuwa na mradi wa Step by Step wa kufundisha madaktari na manesi namna ya kutunza miguu ya wagonjwa wa sukari, ulifanyika hapa na India, na mafundisho yake makubwa ni mambo madogo haya haya, kuangalia mguu, viatu, kuwahi kidonda kikiwa kidogo.

Mwenye sukari anaosha miguu kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, haraka, anafuta vizuri mpaka katikati ya vidole, anapaka mafuta juu na chini lakini sio katikati ya vidole, anaangalia unyayo kwa kioo au anaangaliwa na mtu wa nyumbani. Joto la maji apimiwe na mtu ambaye hana ganzi. Wembe asiguswe nao, na zile plasta za kuondoa sugu zinazouzwa famasi asizitumie, zina asidi, inakula sugu na inakula ngozi nzima pembeni yake. Mimi mteja akisema ana sukari namuosha, namfuta, namsawazishia kucha kwa tupa, namuangalia unyayo na kumpaka mafuta, naishia hapo. Wengine wananuna wakiona sijawasugua sana, nawaelewesha tu.

Wengine wa kusubiri ni mwenye kidonda wazi, jipu, malengelenge au fangasi iliyochubuka. Mwenye mguu mmoja tu uliovimba, unauma kwenye msuli wa nyuma na una joto kuliko mwenzake, huyo usimkande hata kidogo, inawezekana damu imeganda kwenye mshipa, na donge likichomoka linaenda mapafuni. Huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo. Wenye mishipa iliyotokeza nje sana wasitumie maji ya moto, yanazidisha uvimbe.

Mama mjamzito anaweza kuloweka, maji yawe ya uvuguvugu tu yasiwe ya moto, dakika kumi, alafu anyanyue miguu juu ya mto. Ila uvimbe ukija ghafla, na uso na mikono navyo vikavimba, kichwa kinauma, macho yanaona maruweruwe, beseni liache hapo hapo uende kliniki ukapimwe presha na mkojo, hizo ni dalili za kifafa cha mimba na hakisubiri kesho.

Namna ya kufanya nyumbani

Toa rangi ya kucha kwanza, yote, uone kucha zenyewe zilivyo. Kucha zikate zikiwa kavu, kabla ya kuloweka, maana zikiloa zinalainika zinachanika ovyo. Kata moja kwa moja mlalo, usizungushe pembeni kufuata umbo la kidole, hasa dole gumba. Ukichimba pembeni ukucha unapoota unaingia nyamani, na hiyo ni mateso, kidole kinavimba, kinatoa usaha, viatu havivaliki. Ncha kali ya pembeni unaisawazisha kwa tupa tu.

Osha beseni kwa sabuni hata kama ni la nyumbani, na beseni la miguu liwe la miguu, lisiwe la kuoshea mboga. Alafu mimina maji ya baridi kwanza ndo uongeze ya moto. Wengi wanafanya kinyume, wanamimina maji yaliyotoka jikoni alafu wanakwenda kufuata ya baridi bombani, na hapo katikati mtoto anapita anatumbukiza mkono. Maji yapite vifundo vya miguu kidogo. Pima kwa kiwiko, sio kwa vidole vya mkono, mikono iliyozoea ugali wa moto haisikii vizuri. Kama una kipimajoto, nyuzi 37 mpaka 40 inatosha, isizidi hapo.

Kwenye maji weka sabuni laini kidogo au shampuu, na chumvi vijiko viwili vitatu ukitaka. Loweka dakika 10 mpaka 15. Watu wanakaa saa nzima na simu mkononi wakidhani wanazidisha faida, ngozi inavimba, inalegea, inakuwa rahisi kuchubuka. Kama maji yamepoa, toa miguu kwanza nje ya beseni ndo uongeze ya moto, ukoroge, upime tena.

Kama unatumia mashine ya umeme, jaza maji kabla hujachomeka, mikono mikavu, soketi iwe mbali na maji, usiunganishe kwa ekstensheni iliyolala sakafuni, na usichomeke wala kuchomoa wakati miguu iko ndani. Mashine nyingi kazi yake ni kutunza joto tu, hazichemshi maji ya baridi, kwahiyo weka ya uvuguvugu toka mwanzo.

Kusugua sasa. Chukua jiwe la kusugulia miguu, lilowe nalo, sugua kisigino na pembeni ya dole gumba kuelekea upande mmoja, kwa mkono mwepesi, dakika mbili kila mguu. Lengo ni ngozi iwe laini, sio iwe nyembamba. Ukihisi moto au ukaona wekundu, ujue umepitiliza. Sugu imeota pale kwasababu panapata shinikizo, ni kinga ya mwili, ukiikwangua yote itarudi ngumu zaidi na siku mbili tatu utatembea kwa kuchechemea. Magaga ya miaka mitatu hayaishi siku moja. Sugua mara moja kwa wiki, ila mafuta kila siku.

Ile ngozi nyembamba inayoshika mzizi wa ukucha isukume tu kwa kijiti au taulo, usiikate. Ile ndo inayoziba nafasi kati ya ukucha na nyama, ukiikata umefungua mlango, na wengi wanaovimba vidole baada ya pedikyua wameanzia hapo.

Suuza kwa maji safi, futa, na hapa kwenye kufuta usiwe mvivu, ingiza taulo kila katikati ya vidole, kimoja kimoja. Fangasi inataka joto na unyevu, ukiinyima unyevu haina pa kukaa. Paka mafuta ya mgando, glisirini au mafuta ya nazi juu, chini na kisigino, katikati ya vidole acha pakavu. Kama magaga ni makubwa tafuta famasi krimu yenye urea, asilimia 10 mpaka 25, ile inalainisha ngozi ngumu kuliko mafuta ya kawaida, ila kwenye gaga lililo wazi inawasha sana, subiri lifunge kwanza. Vaa soksi za pamba ulale nazo. Asubuhi shika kisigino, utaona tofauti.

Maji ukimwaga, osha beseni na jiwe, lianike jiwe juani likauke kabisa. Jiwe linalokaa bafuni limelowa muda wote linatunza wadudu, na wiki ijayo unawapaka tena miguuni.

Vitu watu wanavyoweka kwenye maji

Siki inatumika na inasaidia kidogo harufu, changanya sehemu moja ya siki na mbili za maji au zaidi, dakika kumi, sio kila siku, na isikaribie kidonda. Ila kuna jambo la hatari hapa: wengine wanasafisha beseni kwa Jik alafu hawasuuzi wanamimina siki au ndimu humohumo. Jik ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, inabana kifua, inachoma macho, kwenye bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kumwangusha mtu. Suuza beseni vizuri, na hivyo vitu viwili visikutane.

Ndimu na limao. Kusugua kisigino kwa kipande cha ndimu ni jambo la siku nyingi, sasa ukifanya mchana alafu ukatoka na kandambili kwenye jua letu hili, juisi ya ndimu ikipigwa na jua inaunguza ngozi, unapata malengelenge na baadae madoa meusi yanayokaa wiki mpaka miezi. Kama lazima utumie ndimu, iwe usiku, na uoshe kwa sabuni.

Magadi sipendi kabisa. Yanalainisha haraka kweli, ndo maana yanalainisha maharage, ila ni makali kwa ngozi, yanaondoa mafuta yote, na ngozi ambayo tayari ni kavu inabaki imeteketea. Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa yakapoa hayana shida kwa watu wengi, ila kama una fangasi kweli kinachotibu ni krimu ya fangasi kama klotrimazo, upake mpaka wiki mbili baada ya ngozi kuonekana nzuri, usiachie njiani. Mafuta ya karafuu au mkaratusi usidondoshee moja kwa moja kwenye maji maana mafuta na maji havichanganyiki, yanaelea na kukuunguza sehemu moja, tone mbili tatu changanya kwanza kwenye mafuta ya nazi.

Ukienda saluni, au kijana wa mtaani akija

Mwaka 2000 kwenye mji wa Watsonville, California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja ya kucha waliota majipu miguuni chini ya magoti. Waliochunguza wakakuta bakteria anaitwa Mycobacterium fortuitum, ukoo mmoja na wa kifua kikuu, anaishi kwenye maji ya kawaida ya bomba. Alikuwa amejenga ndani ya yale masinki ya miguu yanayozungusha maji. Walipofungua kile kichujio cha pembeni maji yanapoingilia, nyuma yake kulikuwa kumejaa nywele na ngozi za wateja, kumbe siku zote sinki linaoshwa juu, kwa macho linang'aa, na nyuma ya kichujio hakuna aliyegusa. Na waliokuwa wamenyoa miguu kwa wembe kabla ya kwenda ndo walioota majipu zaidi, maana wembe unaacha vijeraha visivyoonekana. Majipu yale yalichukua miezi kupona na yaliacha makovu.

Nimelieleza hili kwa urefu kwasababu siku hizi viti vya namna hiyo vipo vingi hapa mjini, vya ngozi, vinatetemesha mgongo, vizuri kweli, na mteja anaamini kwamba kiti cha bei ndo usafi. Beseni la plastiki la bei ndogo lililosuguliwa kwa sabuni na Jik ni salama kuliko kiti hicho ambacho kichujio chake hakijafunguliwa toka kinunuliwe. Uliza. Muulize dada kwa heshima, samahani dada, hiki mnakisafishaje kati ya mteja na mteja? Anayesafisha atakueleza bila kukasirika. Inavyotakiwa ni kumwaga maji, kusugua kwa sabuni, kusuuza, kuweka dawa ya kuua vijidudu na kuiacha dakika 10 nzima, na kila jioni kichujio kinafunguliwa kinasuguliwa. Saluni nyingine wanatandika mfuko mpya wa plastiki kwenye beseni kwa kila mteja, hiyo napenda. Na usinyoe wala kufanya waksi miguu siku hiyo, acha ipite siku nzima.

Vifaa ndo penye shida zaidi. Hawa vijana wetu wanaopita na beseni dogo na rangi zimepangwa, Kariakoo utawakuta, Mwenge utawakuta, maofisini wanaingia, wengi mikono yao ni hodari na wana adabu na wateja, siwasemi vibaya. Ila kijana mmoja anahudumia watu wengi kwa siku kwa nelikata ileile, tupa ileile, kikwangulio kilekile chenye wembe, maji anabeba kwenye chupa. Damu kidogo tu isiyoonekana inatosha. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa kwenye kifaa kikavu siku saba na bado kikaambukiza, wengi wanaogopa ukimwi tu wakati huyu ndo anavumilia nje ya mwili zaidi. Chanjo yake ipo, ukiweza kachanje. Pepopunda nayo iko hapohapo.

Jibu lake ni rahisi: kuwa na vifaa vyako. Nelikata, tupa, jiwe, kijiti, taulo dogo, unaweka kwenye kipochi, kijana akija anafanya kwa vifaa vyako, hakuna anayekataa. Tupa na jiwe havisafishiki vikaisha vijidudu kwasababu vina vitundu, hivyo ndo vya kwanza kuwa navyo. Wembe kumkwangua mtu kisigino, kataa, uwe mpya usiwe mpya, sehemu nyingi Marekani hawaruhusu saluni kutumia vile vikwangulio.

Na wewe mwenzangu unayefanya hii kazi: vifaa vya chuma osha kwanza kwa sabuni na mswaki, maana uchafu unaimaliza nguvu Jik, alafu changanya Jik ya asilimia 3.5 kipimo kimoja na maji vipimo sita, loweka dakika 10, suuza, kausha. Soma chupa kwanza, nguvu ikiwa tofauti na vipimo vinabadilika. Usiache chuma humo kutwa kitaoza. Mchanganyiko huo utengeneze kila siku, wa jana umeshapungua nguvu. Kile kiboksi cha mwanga wa bluu ni cha kutunzia tu, hakiui kila kitu, kifaa kichafu ukikiweka kinatoka kichafu.

Samaki wale wadogo wanaokula ngozi ya miguu, Garra rufa, asili yao ni mito ya Uturuki na nchi za jirani, mimi sishauri. Samaki huwezi kumuua vijidudu akabaki hai, maji ni yaleyale, na samaki haohao wanatoka mguu wa huyu wanaenda wa yule. Majimbo kadhaa ya Marekani yamepiga marufuku. Mwenye sukari, mwenye kidonda au mwenye kinga dhaifu asithubutu.

Bibi harusi na hina

Watu wa pwani mmetutangulia sana kwenye utunzaji wa miguu. Unguja na Pemba singo la asumini, langilangi, waridi, mrehani na liwa linasugua ngozi na kunukia kwa wakati mmoja, na somo anajua kumkalisha mwali asikurupuke. Singo fanya, hina ya majani fanya. Tahadhari yangu ni piko, ile nyeusi inayochanganywa na dawa ya nywele. Ina kemikali inaitwa PPD, kuna watu inawababua maua yaleyale yaliyochorwa yanainuka kuwa malengelenge, na aliyewahi kuungua mara moja safari ya pili inakuwa mbaya zaidi, hata dawa ya nywele inaweza kumdhuru. Na usipake piko siku hiyohiyo uliyosugua miguu, ngozi iko wazi inapokea kila kitu. Sugua leo, pumzika siku mbili, hina nyekundu inatosha kupendeza.

Ukiona kitu baada ya spa

Wekundu kidogo unaoisha jioni hauna neno. Kidole kikivimba na kupiga, kikatoa usaha, au mstari mwekundu ukapanda juu ya mguu, au homa, nenda hospitali bila kungoja. Kucha ikianza kuwa njano na nene usiipake rangi miezi sita ukidhani itajirudi, fangasi ya kucha inatibika ila taratibu, ukucha wa dole gumba unaweza kuchukua mwaka mpaka mwaka na nusu kuota wote upya, kwahiyo mapema ni bora.

Na vile vijipu vya Watsonville havikutokea kesho yake, vilichukua wiki kadhaa, na vinaanza kama umeng'atwa na mdudu, kipele chekundu kwenye muundi ambacho hakiishi kwa dawa za kawaida. Ukikiona mwambie daktari kwamba uliloweka miguu saluni na mwambie lini, asipojua hilo atakupa dawa za jipu la kawaida na utazunguka nazo miezi, bakteria huyu anataka vipimo vyake na dawa zake.